Mchukuzi Ndani ya Kiini

Kaupo, kaka yangu, umeniuliza tena
nafanya nini gizani kutwa kucha,
mlango umefungwa, taa imezimwa,
mimi na darubini tu, kama wachawi wawili.
Nikujibu kwa lugha ya kazi yako.

Umepandisha makabati miaka thelathini
kwenye ngazi za Tartu, ukanda begani,
theluji ikiyeyuka ndani ya viatu.
Ulibeba hata piano ya yule mjane
hadi ghorofa ya tano; ilipogonga kona ikalia mara moja,
ukaiomba radhi.
Kanuni unaijua: mzigo hadi mlangoni,
sahihi kwenye karatasi, kwaheri.
Droo za watu hukufungua hata moja.

Sasa, ndani ya seli wamo wachukuzi pia.
Sisi twawaita protini, ila wewe ungewatambua kwa mgongo.
Wanangoja ukutani, pale utando unapokunjika,
wanapokea barua ya nje: kua, au tulia, au ufe kwa heshima,
wanaitia kifukoni, wanaikokota
kwenye vijia vyembamba kuliko wazo
hadi stoo, au hadi jalalani.
Na jeni? Jeni zimekaa kwingine, katika kiini,
vitabu vilivyokunjwa mara elfu,
na kila kitundu cha kuingilia kina bawabu.
Hayo tulifundishwa.
Hayo ndiyo niliyoyajibu kwenye mtihani nikafaulu.

Lakini Novemba, usiku wa Jumanne,
nilimpaka mmoja wao rangi ya kijani
katika seli za uvimbe wa mtu nisiyemjua,
nikamwona amekaa ndani.
Ndani kabisa, Kaupo. Chumba cha vitabu.
Nikasema ni uchafu. Nikaosha, nikarudia.
Dokta Rannap akasema ni uchafu. Nikaosha, nikarudia.
Mara ya tatu mkate wangu ulikwisha kukauka mkobani
na yule bado yumo,
mkono juu ya ukurasa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu hakungoja kupewa.
Analima.
Anafunua palipofumbwa, anasoma kwa sauti
amri iliyomfaa mtoto tumboni,
gawanyika, gawanyika,
na seli ya mtu wa miaka hamsini na sita
inatii.
Mlinzi aliyepaswa kupiga kengele
amebebwa nje mgongoni mwa mchukuzi mwingine,
ametupwa uani pamoja na samani mbovu.

Sikukuambia haya ulipolipapasa lile donge shingoni.
Nilisema tezi. Nilisema baridi.
Mimi ninayeitwa macho ya maabara
sikutaka kuona.

Leo wodini umenisikiliza hadi mwisho,
shingo ndani ya bandeji, sauti imebaki mkwaruzo,
ukauliza swali moja, la kikazi:
"Nani alimwachia mlango wazi?"
Sijui. Huenda hakuna.
Huenda tangu zamani ana ruhusa ya kupita,
ana shughuli zake halali humo, dakika mbili, anatoka,
na kosa ni kule kutotoka.
"Basi mwambieni atoke."
Hana masikio, kaka.
Ana kishikio kimoja tu, ubavuni, kama cha sanduku;
tunatafuta kitu cha kukikamata.
Tumejaribu mia nne na kumi na viwili. Vyote vimeteleza.

Ukafumba macho. Nikadhani umelala.
"Piano," ukasema, "haishikwi ubavuni.
Hushikwa kwa chini."

Nimeliandika hilo mgongoni mwa kiganja, kwa kalamu ya lebo,
nimevuka daraja, mto umeganda,
nimefungua mlango wa giza.
Namba mia nne na kumi na tatu.
Mkono sijanawa.